Tenga Moja, Hesabu 400: Mwongozo Kamili wa Kusoma Vikapu katika Maandishi ya Picha ya Kinahuatl

Kila anayeanza kujifunza maandishi ya picha ya Wanahua wa Meksiko ya kati hukwama mahali palepale. Anafungua ukurasa wa kodi, yaani orodha ya picha ya bidhaa zilizolipwa kama kodi, anaona kitu kimesukwa, anaandika "kikapu, 1", anasonga mbele. Kumbe kile si kikapu, ni mtumba wa pilipili uliofungwa kwa mkeka. Au ni kikapu kweli, lakini si kimoja, ni 400. Au si cha kuhesabiwa kabisa, ni nusu ya jina la mlima.

Makosa haya yamejirudia kwa wasomaji wengi kiasi kwamba kujibu mmoja mmoja hakutoshi tena. Nimeandika hatua zote hapa, na sababu ya kila hatua. Historia ya kodeksi, yaani vitabu hivi vya zamani vya picha, nimeiacha makusudi. Hapa tuna kazi ya macho na penseli.

## Unachohitaji

Picha za kodeksi. Anza na Codex Mendoza, iliyochorwa mwanzoni mwa miaka ya 1540 na kutunzwa Maktaba ya Bodleian, Oxford. INAH, taasisi ya Meksiko ya anthropolojia na historia, iliweka toleo lake la kidijitali mtandaoni mwaka 2015, na unaweza kukuza picha mpaka uone mkwaruzo wa kalamu. Kodeksi hii inafaa kwa anayeanza kwa sababu kurasa za picha za kodi zina maelezo ya Kihispania yanayoelekeana nazo: una mtihani na majibu yake pamoja.

Picha za kulinganishia. Matrícula de Tributos, iliyoko jijini Mexico, ina kurasa nyingi za kodi zinazofanana na za Mendoza. Ya pili ni Kodeksi ya Florence, kazi kubwa ya vitabu 12 iliyosimamiwa na mtawa wa Kihispania Bernardino de Sahagún, ambayo Getty, taasisi ya sanaa ya Marekani, iliiweka mtandaoni yote mwaka 2023. Kitabu chake cha 10 kinaeleza mafundi na wachuuzi, wauza mikeka na wauza vikapu wakiwemo.

Kamusi. Ya Alonso de Molina ya mwaka 1571, Kinahuatl kwa Kihispania, inatosha kabisa. Ipo bure mtandaoni.

Karatasi angavu ya kunakilia, penseli laini, kifutio na rula. Usidharau karatasi hii. Nitaeleza kwa nini kwenye hatua ya 2.

Kikapu cha ukili, tenga la fito na kipande cha mkeka. Vyako mwenyewe, viwe mezani. Kama umewahi kushona ukili au kubeba nyanya kwenye tenga, unaanza kazi hii ukiwa na mtaji ambao wanafunzi wengi wa maktaba hawana: mkono wako unajua tayari kwamba tenga lina mifupa na kikapu cha ukili hakina.

## Maneno sita ya kushika kabla ya kufungua ukurasa

Katika tahajia hii *x* husomwa "sh", *qui* ni "ki", na *hu* mbele ya irabu ni "w". *Tl* mwishoni mwa neno ni sauti moja ya pumzi, si silabi.

*Chiquihuitl* (chi-ki-witl): tenga au kikapu kigumu cha matete na fito, mara nyingi cha *otlatl*, mmea wa jamii ya mwanzi. Hata leo Wameksiko huweka chapati zao za mahindi kwenye *chiquihuite*.

*Tanatli*: kikapu laini cha majani ya mtende. Fikiria kapu la ukili.

*Petlatl*: mkeka.

*Petlacalli*: sanduku la kusukwa lenye kifuniko. Neno lenyewe ni *petlatl*, mkeka, na *calli*, nyumba.

*Xiquipilli* (shi-ki-pil-li): mfuko wa kitambaa. Pia ni namba 8,000.

*Cuezcomatl*: ghala la nafaka.

Unapotafuta kwenye kamusi ya zamani, jaribu tahajia zaidi ya moja. Molina anaandika *chiquiuitl*, bila *h*. Wengi wamehitimisha kwamba neno "halipo" kwa sababu ya herufi hiyo moja.

## Hatua ya 1: Chagua ukurasa, ufunike maelezo

Fungua Codex Mendoza, ukurasa 36r. Herufi *r* ni uso wa mbele wa karatasi, *v* ni uso wa nyuma. Huu ni ukurasa wa kodi ya jimbo la Tlachco, ambalo leo ni Taxco, jimbo la Guerrero.

Majina ya miji yamepangwa pembeni kushoto. Bidhaa zimepangwa kwa safu: vitambaa, mavazi ya vita, maghala, vitu vidogo. Vikapu utavikuta kati ya vitu vidogo.

Funika maelezo ya Kihispania, pamoja na maneno madogo yaliyoandikwa kando ya michoro. Sababu: ukisoma maelezo kwanza, jicho litaona kilichotajwa hata pale mchoro unaposema kitu kingine. Utajiona umesoma, kumbe umenakili.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kunyooshea kidole kila kitu unachodhani kimesukwa bila kuwa umesoma neno hata moja la Kihispania.

## Hatua ya 2: Nakili umbo la nje peke yake

Weka karatasi angavu juu ya picha uliyochapisha, au juu ya skrini kwa mkono mwepesi. Chora mzingo wa nje tu. Usijaze msuko.

Sababu: msuko unadanganya. Wachoraji wa Kinahua waliutumia kwenye vitu vingi ambavyo si vikapu, na jicho la mgeni likiona mistari ya kupishana husimama hapo hapo na kusema "kikapu". Umbo la nje, likiwa tupu, haliwezi kukuhadaa hivyo.

Sasa jiulize maswali matatu. Kina mdomo ulio wazi? Kina kitako cha kukalia? Pande zake zimenyooka, zimetanuka kwenda juu, au zimevimba katikati?

Tenga lina mdomo na kitako. Mtumba hauna mdomo; umefungwa pande zote na umevimba. Mkeka hauna kina. Sanduku lina pembe na mstari wa kifuniko. Maswali hayo matatu, yakijibiwa kwa umbo tupu, yanaondoa zaidi ya nusu ya makosa ninayoyaona.

Tahadhari: katika mtindo wa kale wa Kinahua kitu huchorwa kwa upande, kikiwa bapa, bila kivuli. Mdomo wa tenga unaweza kuwa mstari mmoja ulionyooka juu, si duara. Usingoje kuona "ndani" ya kikapu. Ukiona mdomo wa yai, kivuli upande mmoja na kina cha ndani, jua mchoraji ameshaguswa na mtindo wa Ulaya. Kodeksi ya Florence ina michoro mingi ya namna hiyo. Ni vikapu halali, ila usivitumie kama kipimo cha kusomea vile vya mtindo wa kale.

## Hatua ya 3: Sasa soma msuko

Rudi kwenye mchoro, kuza sana, na uangalie mistari ya ndani.

Chukua kapu lako la ukili ulitazame kwa karibu. Chane zinapishana kwa mshazari, na kila ukili umeshonwa kwa wa pili ukaacha mstari wa mshono. Sasa tazama tenga: fito zinasimama wima, nyingine zinazunguka zikipita mbele na nyuma, na ukingo wa juu umekazwa ili usifumuke. Wachoraji wa Kinahua walijua tofauti hizi, maana vitu hivyo vilikuwa majumbani mwao. Walizifupisha, hawakuzipuuza.

Angalia basi: mistari ni ya mshazari, ya wima na mlalo, au mikanda ya kuzunguka? Ukingo umechorwa kwa mstari wa ziada? Rangi ni ipi? Vitu vya matete na mitende mara nyingi hupakwa njano ya majani makavu.

Tahadhari mbili. Jiwe, *tetl*, nalo lina mistari ya rangi ndani, lakini ni ya mawimbi na ncha zake hujikunja. Neti nayo ina mistari ya kupishana, lakini matundu yake yako wazi na mara nyingi utaona kilichomo.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kuandika sentensi moja kuhusu msuko bila kutaja jina la kitu: "mistari ya mshazari inayopishana, mkanda juu, njano." Jina bado. Subira.

## Hatua ya 4: Kitenganishe na ndugu zake

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo tukae kidogo.

Mkeka. *Petlatl* ni mstatili wenye msuko, bila mdomo na bila kina. Angalia ukurasa 61r wa Codex Mendoza: bibi na bwana harusi wameketi juu ya mkeka, nguo zao zimefungwa fundo pamoja. Ukishauona mkeka huo vizuri hutauchanganya tena na kikapu. Mkeka ukiwa na kiti cha kusukwa chenye mgongo, *icpalli*, habari inaweza kuwa nzito zaidi ya samani, kwa sababu mkeka na kiti kwa pamoja, *in petlatl in icpalli*, ndiyo kusema mamlaka ya mtawala.

Sanduku la kusukwa. *Petlacalli* lina msuko uleule wa mkeka, lakini lina pembe na kifuniko. Tofauti hii inabadilisha maana. Tenga ni la kubebea na kupakulia; sanduku ni la kuhifadhi. Ofisa mkuu wa kutunza mali ya kodi aliitwa *petlacalcatl*, cheo kilichojengwa juu ya neno hilohilo. Tena katika usemi wa Kinahuatl *in toptli in petlacalli*, yaani kasha na sanduku, ni siri iliyotunzwa, na mtu anayeitunza. Mswahili angesema mtu huyo ana kifua.

Mtumba. Pilipili kavu na pamba zilitolewa kwa mizigo mikubwa iliyofungwa. Mchoraji huonyesha mzigo uliovimba, wenye msuko au kamba, na juu au katikati yake huweka alama ya kilichomo: pilipili, au tumba la pamba. Msuko hapo ni wa kifungio. Mzigo hauna mdomo wa wazi, na ndiyo maana nilikuambia uchore umbo la nje kwanza.

Ghala. Kwenye kurasa za kodi utaona chombo kikubwa cha mbao chenye punje za mahindi au maharagwe. Mistari yake ni ya mbao, mipana na iliyonyooka. Usikiite tenga hata kama kinafanana na dohani la matunda. Kiasi chake ni kikubwa mno kulinganisha na tenga, na ukikosea hapa hesabu ya jimbo zima inaharibika.

Mfuko. *Xiquipilli* ni laini, una shingo iliyokazwa na kwa kawaida vishada vinavyoning'inia. Ukiukuta juu ya kitu kingine usiuchukulie kuwa ni bidhaa. Ni namba. Tunafika huko sasa hivi.

Bakuli. *Caxitl* ni la udongo, halina msuko, na mara nyingi lina miguu mitatu.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kusema kwa nini kitu chako *si* kila kimoja kati ya hivi sita. Kusema "ni tenga" hakutoshi.

## Hatua ya 5: Hesabu alama, usihesabu vikapu

Wanahua walihesabu kwa makumi mawili. Alama ni nne tu:

- Nukta au kidole: 1.
- Bendera, *pantli*: 20.
- Kishada kama unywele au tawi dogo lenye vistari pembeni, *tzontli*: 400.
- Mfuko, *xiquipilli*: 8,000.

Kila moja ni mara 20 ya iliyotangulia. Alama hukaa juu ya kitu au huungwa nacho kwa mstari mwembamba. Ukizikuta zaidi ya moja, jumlisha.

Rudi Tlachco, 36r. Tafuta kikapu kidogo chenye *tzontli* juu yake. Kimechorwa kimoja. Kisome sasa: vikapu 400. Ndani yake ni kopali nyeupe iliyosafishwa, yaani *copalli*, utomvu wa mti unaofukizwa kama sisi tunavyofukiza ubani. Karibu nacho tafuta kitu chenye mfuko juu: hayo ni madonge 8,000 ya kopali isiyosafishwa, yaliyofungwa kwa majani ya mtende. Maelezo ya Kihispania yanasema hivyohivyo, ila wewe usiyafunue bado.

Ona jambo dogo hapa. Kopali ni ileile, lakini iliyosafishwa imetiwa kikapuni na isiyosafishwa imefungwa kwa majani. Chombo ndicho kinachotofautisha daraja za bidhaa. Msomaji aliyeandika "kopali" mara mbili na kujumlisha 8,400 amepoteza habari ambayo mchoraji alijitahidi kuiweka.

Sasa jaribio gumu kidogo: 19r, ukurasa wa Tlatelolco. Hapo kuna matenga makubwa ya unga wa kakao uliochanganywa na unga wa mahindi. Kwa maelezo ya Kihispania ni matenga 40, na kila tenga lina kakao ya mbegu 1,600.

Hizo ni hesabu za aina mbili kwenye kitu kimoja. Arobaini ni bendera 2, na zinahesabu matenga. Elfu moja na mia sita ni *tzontli* 4, na zinahesabu mbegu zilizoingia katika kila tenga. Ukizijumlisha utapata 1,640, namba isiyo na maana yoyote. Unapaswa kuzidisha: 40 mara 1,600 ni mbegu 64,000. Gawa kwa 8,000 uone: ni *xiquipilli* 8 kamili, bila baki. Jibu likitoka safi namna hiyo katika hesabu yao, ni dalili nzuri kwamba hukuchanganya.

Kanuni ya kukumbuka: kabla ya kujumlisha, uliza kila alama inahesabu nini, vyombo au kilichomo.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kuandika idadi kwa maneno kamili: "matenga 40, kila moja mbegu 1,600", si namba moja iliyo peke yake.

## Hatua ya 6: Amua kikapu kinafanya kazi gani

Kikapu katika maandishi haya kinaweza kufanya moja ya kazi nne. Kinaweza kuwa kitu chenyewe, kipimo, neno ndani ya jina, au sauti.

Kitu chenyewe. Fungua 57r. Mtoto amezaliwa, na mkunga anamtoa uani kumwosha. Ikiwa ni mvulana, zimechorwa ngao, mishale na zana za mafundi. Ikiwa ni msichana kuna ufagio, pamoja na kijiti cha kusokotea uzi na kikapu chake. Kikapu ni kidogo, hakina alama yoyote ya namba wala jina la mji. Ni kikapu cha kazi, cha kuwekea pamba na nyuzi, na kimewekwa pale kumwonyesha mtoto wa kike maisha yanayomngoja. Mimi hurudi kwenye mchoro huu kila ninapofundisha, kwa sababu ndio unaofungua macho: wasomaji waliokwisha kuzoea kurasa za kodi hutafuta namba na kufadhaika wasipoiona. Haipo. Hakuna anayelipa kodi kwa kikapu hiki.

Kipimo. Ndiyo 36r na 19r tulizozimaliza. Dalili yake ni alama za namba.

Neno ndani ya jina. Hapa kikapu kimeshikana na mchoro mwingine, hasa mlima. Kaskazini mwa jiji la Mexico kuna Cerro del Chiquihuite, mlima unaojulikana kwa minara yake ya redio na televisheni. Kwa Kinahuatl ni *Chiquiuhtepec*, kwenye mlima wa tenga. Jina la aina hiyo huandikwa kwa kuunganisha tenga na mlima, nawe unasoma vyote viwili kwa pamoja kama jina moja la mahali.

Sauti. Mara nyingine mchoro unatumika kwa mlio wake tu. Meno, *tlantli*, husomwa *-tlan*, mahali. Bendera ileile ya 20, *pantli*, katika jina la mji husomwa *-pan*, juu ya. Jina la Antonio de Mendoza, gavana wa Kihispania, liliwahi kuandikwa kwa mmea wa *metl*, ndugu wa mkonge wetu, na *tozan*, mnyama kama fuko: *me-toza*. Hakuna aliyedhani gavana ni fuko.

Nakuonya kwa uzito wote: usikimbilie kazi ya nne. Inavutia, na aliyegundua sauti moja huanza kuzisikia kila mahali. Anza na kitu, kisha kipimo, kisha neno. Sauti iwe ya mwisho, na uikubali pale tu ambapo maana ya mchoro haiingii kabisa, au kuna mchoro wa pili unaothibitisha mlio.

Jinsi ya kujua haraka: kuna namba? Ni kipimo. Kimeungana na mlima, maji, meno au kichwa cha mtu? Ni jina. Kiko mkononi mwa mtu au kando yake katika tukio? Ni kitu.

## Hatua ya 7: Vunja neno vizuri

Ukiamua kwamba kikapu ni sehemu ya jina, usibandike neno zima la kamusi. Nomino ya Kinahuatl hupoteza mkia wake inapoungana na nyingine.

*Petlatl* huwa *petla-*. *Tanatli* huwa *tana-*. *Chiquihuitl* huwa *chiquiuh-*: mkia *-itl* umeanguka, na ile "w" iliyobaki mwishoni mwa silabi huandikwa *uh*. Ndiyo sababu utaona *hui* mahali pamoja na *uh* mahali pengine kwa neno lilelile. Si makosa ya mwandishi.

Kisha ongeza mlima, *tepetl*, ambao nao unapoteza mkia: *tepe-*. Malizia na *-c*, kiambishi cha mahali, kinachofanya kazi kama *-ni* yetu katika "mlimani". Chiquiuh-tepe-c.

Kiambishi hicho mara nyingi hakichorwi. Msomaji wa Kinahua alikiongeza mwenyewe, kama wewe unavyosoma "Dkt." ukasema "Daktari" bila kufikiri. Kwa hiyo usitafute mchoro wa kila silabi.

Umefanikiwa ikiwa jina ulilopata lina vipande unavyoweza kuvionyesha kwenye mchoro, na kile kisichochorwa unaweza kukieleza.

## Hatua ya 8: Sasa funua maelezo

Ondoa kifuniko. Linganisha usomaji wako na Kihispania. Maneno utakayokutana nayo ni *cesto* na *canasta* kwa kikapu na tenga, *cestilla* kwa kikapu kidogo, *petaca* kwa sanduku la kusukwa, *carga* kwa mzigo.

Mkikubaliana, vizuri. Msipokubaliana, usifute kazi yako papo hapo. Mwandishi wa maelezo ya Codex Mendoza mwenyewe aliomba radhi mwishoni mwa kodeksi: picha zilimfikia siku 10 tu kabla ya meli kuondoka kwenda Hispania, akaandika kwa haraka, na mkalimani akatumia maneno ya Kiislamu kama msikiti kwa mahekalu ya Wanahua. Mtu aliyeandika kwa haraka kiasi hicho anaweza kuita kikapu kitu ambacho mchoraji, aliyekuwa na utulivu, alikichora kama mtumba.

Pale mnapotofautiana, fungua Matrícula de Tributos na utafute jimbo hilohilo. Mchoro wa pili ukikubaliana na wa kwanza, mpe mchoraji uzito. Ukikubaliana na maelezo, rudi hatua ya 4.

Tahadhari: neno la Kihispania *cesto* linafunika *chiquihuitl* na *tanatli* pia. Usilitumie kuamua aina. Aina inaamuliwa na umbo na msuko, uliyoyaandika hatua ya 2 na 3. Ndiyo maana nilikutaka uyaandike.

## Hatua ya 9: Andika usomaji wako

Daftari lako liwe na mistari mitano kwa kila kikapu. Mfano wa kikapu chetu cha Tlachco:

*Mahali:* Codex Mendoza, 36r.

*Nilichoona:* chombo kidogo cha kusukwa, mdomo juu, kitako cha kukalia, *tzontli* 1 juu yake.

*Si:* mtumba (kina mdomo), sanduku (hakina pembe wala kifuniko), ghala (ni kidogo, hakina mbao).

*Kazi:* kipimo.

*Usomaji:* vikapu 400 vya kopali nyeupe iliyosafishwa; maelezo ya Kihispania yanakubali.

Mstari wa "Si" wengi huuruka, na ndio ninaousoma kwanza mtu akinionyesha kazi yake. Ukiwa mtupu, najua jina lilitoka kwenye maelezo, halikutoka kwenye mchoro.

## Ukikwama

*Naona msuko lakini umbo limefifia.* Tafuta ukingo wa juu. Mkanda wa ziada kwenye mdomo ni dalili ya tenga inayodumu hata rangi ikichujuka.

*Kuna vikapu viwili, kila kimoja na tzontli.* Ni 800. Mchoraji hurudia chombo pamoja na alama yake.

*Kikapu kipo mgongoni mwa mtu, kina kamba kwenye paji la uso.* Kamba hiyo ni *mecapalli*, ya kubebea. Kama kilichobebwa ni fremu ya vijiti iliyo wazi, ni *cacaxtli*, si kikapu.

*Kamusi inanipa maneno matatu kwa kikapu.* Rudi kwenye msuko. Kigumu cha matete na fito, anza na *chiquihuitl*. Laini cha mtende, anza na *tanatli*. Mchoro usipoonyesha tofauti, andika "chombo cha kusukwa" ukomee hapo.

## Zoezi

Fungua Codex Mendoza 37r, jimbo la Tepecuacuilco. Huko nako kuna kopali ya aina mbili. Funika maelezo, pitia hatua ya 2 hadi ya 6, uandike idadi ya kila aina na chombo chake kwa sentensi kamili. Kisha linganisha na 36r: kipi kimejirudia sawasawa, na mchoraji amekichora kwa mkono uleule? Andika mistari yako mitano kwanza, ndipo ufunue.